Picha ya studio imekauka, ya simu ina uhai: tuchapishe ipi?

"Mtaalamu, mwezi wa nane wazazi wetu walitimiza miaka 40 ya ndoa. Tukachanga, tukawapeleka studio hapa Dodoma mjini, wakapambwa, wakapigwa picha zaidi ya 30 mbele ya pazia jeupe. Zimetoka safi, lakini Baba amekaza uso kama anasubiri hukumu, na tabasamu lake limekwenda upande. Mama ukimtazama unajua ameambiwa acheke. Jioni hiyo hiyo, uani Chang'ombe, mdogo wangu alimpiga Baba picha kwa simu akipokea kichala cha zabibu kutoka kwa mjukuu. Nyuma kuna ndoo na kamba ya nguo, lakini hiyo ndiyo kila mtu kwenye grupu la familia ameihifadhi. Mpiga picha anasema ya simu haifai kukuzwa, na kwamba Baba 'hapigiki'. Baba mwenyewe anasema zote hazifanani naye. Tunataka picha moja kubwa ya ukutani, na Desemba wote tutakuwa nyumbani. Tuchapishe ipi, au tupige upya? Na tukipiga upya, tufanyeje zisikauke tena?"

Nianze na hilo neno "hapigiki", kwa sababu linamwonea mzee. Picha ya simu imeshalijibu. Uso ule ule, siku ile ile, umekauka studio na kuchangamka uani. Studio uso wa Baba ulipewa kazi ya kuonekana. Uani haukuwa na kazi yoyote. Kazi ilikuwa ya mikono, kuzipokea zabibu zisidondoke, na ya macho, kumwangalia mtoto. Hapo ndipo penye tofauti yote, na ndipo mtakaporekebisha Desemba.

Tabasamu linaendeshwa na misuli miwili hasa. Mmoja unatoka kwenye mfupa wa shavu hadi pembe ya mdomo. Ukijikunja, pembe hupanda. Mwingine umelizunguka jicho kama pete. Ukijikunja, shavu huinuka, kope la chini hujaa kidogo, na mikunjo midogo hutokea pembeni mwa jicho. Mwaka 1862 daktari wa Ufaransa, Duchenne de Boulogne, alichapisha picha za nyuso alizozisisimua msuli kwa msuli kwa umeme, akaeleza kwamba msuli wa mdomo hutii amri, ila ule wa jicho husubiri furaha yenyewe. Charles Darwin alizitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872. Watafiti waliofuata wameilegeza kauli hiyo: wapo wengi wanaoweza kulifinya jicho kwa kuamua, na tabasamu pana hulisukuma shavu juu hata bila furaha. Kwa hiyo msiifanye mikunjo ya jicho kuwa mashine ya kupimia nani amefurahi kweli.

Kilichosimama imara zaidi ni kwamba ubongo una njia mbili tofauti za kuufikia uso, moja ya kuamua na nyingine ya hisia. Madaktari wameziona njia hizi zikitengana kwa wagonjwa wa kiharusi. Yupo ambaye ukimwambia "onyesha meno", upande mmoja wa mdomo unabaki nyuma, lakini akichekeshwa pande zote mbili zinapanda sawasawa. Tabasamu linalokuja lenyewe lina pia mwendo wake: huinuka polepole, hukaa kitambo kifupi, mara nyingi kati ya nusu sekunde na sekunde nne, kisha hutulia polepole. La kuamriwa huruka ghafla, hugandishwa, kisha hudondoka.

Sasa tazama kinachotokea mtu akiambiwa, "Cheka hivyo hivyo, usitikisike, moja, mbili, tatu." Kwenye "moja" anavuta mdomo. Kwenye "mbili" anabana pumzi, na mabega yanapanda kuelekea masikioni. Kwenye "tatu" msuli wa mdomo umechoka na unaanza kutetemeka, jicho limeshaondoka zamani, na kamera inakamata kilichobaki. Picha inasimamisha sehemu ndogo tu ya sekunde, na anayeitazama atakaa nayo miaka, kwa hiyo ule mgando ambao ana kwa ana ungepita bila kuonwa unabaki ukutani. Ndiyo maana mnaona Mama "ameambiwa acheke". Hamjakosea, ndivyo ilivyokuwa. Kusema "chiiizi" nako hakuokoi kitu, maana sauti ya "i" inautanua mdomo kwenda pembeni, haiuinui.

Kabla sijaendelea, hilo la tabasamu la Baba kwenda upande. Tabasamu la kuamriwa huwa na tabia ya kupinda kidogo, na karibu kila uso una upande mmoja wenye nguvu kuliko mwingine. Toeni picha zake za miaka ya nyuma. Kama mdomo umekuwa ukielekea upande huo tangu ujana, msiwe na wasiwasi. Lakini kama ni jambo jipya, msijifariji kwamba picha ya simu imetoka sawa. Nimeeleza hapo juu kwamba kicheko kinaweza kuwa sawa wakati njia ya kuamua ina hitilafu. Mwambieni aonyeshe meno, afumbe macho kwa nguvu, ainue mikono yote miwili mbele yake. Upande mmoja ukibaki nyuma na hapo awali haukuwa hivyo, mpelekeni hospitali akaonwe. Na kama mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno yanakokota, hiyo ni dharura. Nendeni saa hiyo hiyo, msingoje kesho.

Baba kusema picha zote "hazifanani" naye si ukorofi wa mzee. Uso wake anaujua kwa kioo, na kioo hugeuza kulia kuwa kushoto. Kamera inamwonyesha jinsi ninyi mnavyomwona, na kwake huyo ni kama ndugu yake anayefanana naye. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1977 uliwapa wanawake picha zao mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama kioo: wenyewe walielekea kuipenda ile ya kioo, na watu wao wa karibu wakaipenda ya kawaida. Kwa hiyo mtu si mwamuzi mzuri wa picha yake mwenyewe. Mwacheni Mama achague ya Baba, na Baba achague ya Mama.

Kuna dhana mbili nataka kuziondoa, maana zikibaki zitawaharibia Desemba. Ya kwanza ni kwamba uso wa asili ni uso unaocheka. Wazee wengi wa huku kwetu wakiona kamera huketi wima, viganja juu ya magoti, midomo imefungwa. Sehemu yake ni urithi wa studio za kale: picha za mwanzo kabisa, kuanzia mwaka 1839, zilihitaji mtu atulie kwa sekunde nyingi, wakati mwingine dakika, na wapiga picha walikuwa na vyuma vya kuegemeza kichwa kisitikisike. Lakini sehemu kubwa ni heshima. Mzee anaona picha ni jambo zito, na ana haki. Uso wake uliotulia ni wake wa asili. Ukimlazimisha kucheka, hapo ndipo unapotengeneza uso wa bandia. Mnachokitafuta ni macho yanayomwona mtu, yawe yanacheka au la.

Dhana ya pili ni kwamba picha ya asili inapigwa ovyo. Mtu aliyenaswa akitafuna, au akijikuna, au kichwa kikiwa kimekatwa na mlango, hajapigwa kiasili, kavunjiwa heshima. Ushauri wangu wote unakaa humu: pangeni mahali, mwanga, viti, mavazi na miili, pangeni hata dakika, kisha uso muuache. Wapiga picha wengi hufanya kinyume. Wanauacha mwanga ujitegemee, halafu wanakazana na uso.

Sasa swali la ipi ichapishwe. Kauli ya mpiga picha wenu ina ukweli nusu. Simu nyingi za sasa hutoa faili la takriban pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 4000 kwa 3000. Picha ya kushika mkononi huchapishwa vizuri kwa pikseli 300 kwa kila inchi, lakini ya ukutani inayotazamwa kutoka mita mbili inaridhisha hata kwa 150. Pikseli 4000 kwa kiwango hicho ni upande wa sentimita 67 hivi, ambayo kwa sebule ni picha kubwa. Tatizo linakuja pale mnapochukua nakala iliyopita kwenye grupu la WhatsApp, maana kwa ubora wa kawaida hubanwa hadi pikseli kama 1600 upande mrefu. Kwa kiwango kile kile mnabaki na sentimita 27. Inawezekana kabisa hiyo ndiyo nakala aliyoiona mpiga picha. Mwambieni mdogo wako atoe faili halisi lililo kwenye simu yake, alitume kama dokumenti, au aende na simu dukani likahamishwe kwa waya. Na mkikata pembeni kuondoa ndoo, mnakata pia pikseli: mkibaki na nusu ya upana, ukubwa nao unabaki nusu.

Kuhusu ndoo yenyewe, kama haigusi kichwa wala bega, ningeiacha. Ni ua wa nyumba yao, na miaka 20 ijayo wajukuu wataitazama hiyo ndoo kwa upendo. Kamba ya nguo ikipita nyuma ya kichwa cha Baba kama mshale, hiyo iondolewe; mtu wa kurekebisha picha ataifuta bila shida. Msimruhusu tu kugusa ngozi. Kulainisha ngozi hufuta kwanza ile mikunjo ya pembeni mwa jicho, na jicho likishalainishwa, mdomo unabaki ukicheka peke yake. Kwenye simu pia zimeni kipengele cha urembo kabla ya kupiga. Ombeni duka liwachapie kipande kidogo cha uso, ukubwa wa kiganja, kwa kipimo kile kile cha picha kubwa. Macho yakiwa na ncha kali, chapeni. Yakiwa kama yamepakwa maji, ibaki ndogo mezani na mtegemee ya Desemba.

Ningepiga upya kwa vyovyote, kwa sababu picha ya zabibu ina Baba bila Mama, na ndoa ni ya watu wawili.

Desemba mvua za Dodoma ndiyo zinaanza, jambo jema kwa nyuso: vumbi limelala na mawingu hulainisha mwanga. Jua huzama yapata saa moja kasoro dakika kumi, kwa hiyo wekeni shughuli kuanzia saa kumi na moja hivi, mkiangalia wingu. Saa sita hadi saa tisa msithubutu. Jua likiwa utosini, macho yanakuwa mashimo meusi na kila mtu anakunja uso. Kivuli cha mwarobaini kinavutia kwa kukitazama, ila majani yake madogo hupitisha madoadoa ya jua, na doa moja likitua puani limeharibu picha. Kivuli cha baraza ni bora: wazazi wakae ndani ya kivuli, karibu na ukingo wake, wakielekea ua ulio wazi. Kama ua wenu una udongo mwekundu na jua linaupiga, utawarudishia wekundu chini ya kidevu, hivyo tandikeni shuka jeupe chini mbele yao, nje ya fremu. Ukuta wa nyuma usiwe mweupe unaong'aa, maana kamera itaupunguza huo weupe na nyuso zitazama gizani. Kwa simu, gusa uso kwenye skrini, kisha ongeza mwanga kidogo kwa kidole.

Mpigaji asimame mita mbili hadi tatu. Simu ikisogezwa hadi sentimita 30, pua inaonekana kubwa kwa karibu theluthi moja kuliko ukiwa mita moja na nusu, na hilo peke yake linatosha kumfanya mzee aseme "huyu si mimi". Tumieni lenzi inayokuza mara mbili kama simu inayo. Kwa kamera, lenzi ya milimita 85 inafaa, au 50 kama baraza ni finyu. Kasi 1/250 ya sekunde au zaidi, tundu la lenzi f/5.6 ili wote wawili waonekane kwa ncha kali, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iachwe ipande. Flashi izimwe, kwa sababu kila mmweko unawakumbusha kwamba wanapigwa. Na mpigaji aketi kwenye kigoda, macho yake yawe sawa na yao.

Anzeni na picha ya heshima. Wakae wima, watazame kamera, mpige mbili tatu, muwaonyeshe na muwashukuru. Msiiruke. Mzee akishajua picha "yenyewe" imepatikana, mabega yanashuka, na kuanzia hapo ndipo kazi inapoanza. Wape mikono kitu cha kushika: kikombe, fimbo ya Baba, kidole cha mjukuu. Mkono mtupu ndio unaoganda kwanza, kisha shingo inafuata. Viti visogezwe mpaka mabega yagusane, na vielekezwe kidogo kimoja kwa kingine, ili kugeuka na kutazamana kusiwe kazi.

Halafu mtu wanayempenda aketi karibu kabisa na kamera, si mpigaji. Kama ni Wagogo, awasalimie "Mbukwenyi!" na muone uso unavyoitikia kabla ya mdomo. Kisha aulize maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. Nani alimsalimia mwenzake kwanza? Siku ya mahari mvua ilinyesha, au watu wanasema tu? Mzee akisimulia, Mama atamsahihisha. Ataweka mkono juu ya goti la mumewe kumsimamisha, atageuza kichwa, na Baba atatazama chini akiuma mdomo kuzuia kicheko kabla hajakana. Hapo mpigaji abonyeze mfululizo, fremu, yaani picha, nne au tano. Asitosheke na kilele cha kicheko, maana kileleni macho hufumba na mdomo hufunguka wote. Asubiri sekunde moja au mbili, kicheko kinapotulia na pumzi inaporudi, apige tena. Uso wa wakati huo umelegea, bado una joto la kicheko na haujakumbuka kamera. Mara nyingi ndio huishia ukutani.

Dakika 20 zinatosha, fremu 80 hadi 100, mkitegemea kubaki na tatu. Baada ya hapo wapeni chai na msiifunge kamera. Wajue tu kwamba bado mnapiga. Kuwavizia wazee wasiotaka si sawa, hata picha ikitoka nzuri namna gani.

Yapo mambo ambayo kupanga kila kitu hadi uso ni bora. Picha ya kitambulisho na pasipoti ina masharti yake, na uso lazima utulie ukielekea mbele. Picha ya ukoo mzima vilevile: watu 20 wakiachwa "kiasili" mtapata migongo na vichwa vilivyojificha. Hiyo ipangwe kwa mistari, warefu nyuma, tundu f/8, mpige fremu kumi haraka haraka kwa kuwa kuna atakayepepesa. Ifanyeni kabla ya yote, watoto hawajachoka.

Kama hakuna kati yenu mwenye mkono mtulivu, lipieni mpiga picha aje nyumbani, anaweza hata kuwa yule yule wa studio. Nendeni mkaonane naye kabla. Msiridhike na picha kumi bora alizobandika ukutani; ombeni awaonyeshe shughuli moja ya familia moja, kuanzia fremu ya kwanza hadi ya mwisho, kwa idhini ya wenyewe. Mtaona kama nyuso zinafunguka kadiri anavyoendelea au zinafunga. Mwambieni mapema kwamba hamtaki kuhesabiwa, na kwamba mtu wenu ndiye atakayeongea na wazee. Akikataa hilo, tafuteni mwingine.

Ikishachapishwa, isikae ukutani mahali jua la mchana linapopita, na karatasi isigusane na kioo. Kabla fundi hajafunga fremu, andikeni nyuma kwa penseli laini majina yao, tarehe na mahali, na kile walichokuwa wakibishania.